Lori Lililovutwa Hadi Kivukoni

Karani wa dirisha la leseni hakuinua uso. Alikuwa akichonga penseli yake polepole, na maganda yalidondokea juu ya karatasi za Valeriani, zile karatasi za mnada wa jeshi ambazo mkewe Kandida alizitunza miaka mitatu ndani ya kopo la bati ili zisiliwe na mchwa.

"Lori la jeshi," karani alisema. "Nani kakuambia mtu kama wewe anaandikisha lori la jeshi?"

"Nimelinunua, bwana karani. Nimeendesha la namna hii miaka minne vitani. Cheti changu cha udereva kipo hapo chini."

"Aa! Kila aliyeosha sufuria Burma, leo alikuwa dereva."

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Valeriani aliikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kandida alisimama nyuma yake, macho kwenye yale maganda ya penseli. Alitamani kuyapangusa, lakini aliogopa kunyoosha mkono mbele ya dirisha la serikali.

Karani aligonga muhuri, akasukuma karatasi moja mbele. "Mkaguzi wa magari anatoka Mahenge. Ijumaa anavuka na pantoni, anakaa pale Kivukoni mpaka saa nane mchana, kisha anakwenda zake. Mvua zikianza harudi hadi Julai. Mpelekee lori akalikague. Barua hii ni ya Kiingereza, kwa hiyo nisikilize vizuri: gari lisilo na namba lisiendeshwe barabarani. Likionekana linaendeshwa, linakamatwa, na wewe pia."

"Sasa, bwana karani, litafikaje Kivukoni kama haliruhusiwi kwenda Kivukoni?"

"Mwingine!" karani akaita.

Walitoka nje kwenye jua la Ifakara. Walipofika kwenye maduka ya Wahindi Valeriani alisimama. "Basi, mama Digna. Jumamosi nakwenda."

Kandida alijua anakwenda wapi. Shamba moja la mkonge huko Kilosa lilikuwa likitafuta madereva, na Valeriani alikwisha kuandikisha jina: miaka miwili. Gari la kuwachukua lingepita Jumamosi asubuhi. Walikuwa wamekubaliana, kama lori likipata namba kabla ya masika, angebaki abebe mpunga wa watu kutoka Ifakara mpaka Sanje na mbele zaidi. Likikosa, angekwenda, na lori lingeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma ambaye alikwisha kusema anachotaka ni matairi tu. Digna, mtoto wao wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Baba yake akirudi angemkuta na miaka sita, na asingekumbuka harufu yake.

*

Lile lori lilisimama uani kwao, pua butu, rangi ya majani makavu, na nyota nyeupe ya jeshi iliyofifia mlangoni. Majirani waliliita Banda la Valeriani, kwa sababu kuku watatu walitagia ndani yake. Miaka mitatu Valeriani alikuwa akilifungua na kulifunga kila jioni baada ya shamba. Injini ilikuwa imewaka mara mbili tu, siku watu wote wako mavunoni, naye aliizima haraka ili asimalize petroli aliyoinunua kwa chupa. Taa zilikuwa tayari, honi tayari. Lililobaki lilikuwa breki, na mafuta ya breki hayakuwako dukani. Yangeagizwa Morogoro, wiki mbili.

"Kule Burma yalipokwisha," Valeriani alisema, akiwa amelala chali chini ya lori ili uso wake usionekane, "fundi wetu alikuwa akichanganya mafuta ya mbarika na spiriti. Lakini spiriti tutaipata wapi?"

Mafuta ya mbarika Kandida alikuwa nayo, kibuyu kizima, ameyakamua mwenyewe kwa ajili ya ngozi za watoto. Alijifunga kanga, akaenda nyumba ya tatu kwa Konsolata, mjane aliyepika moshi kwa kificho, pombe ile iliyo wazi kama maji na kali kama moto.

"Mumeo hanywi," Konsolata alisema. "Ya nini?"

"Ya lori."

"Lori ndilo linalokunywa?"

"Linakunywa, dada."

Konsolata akafukua chupa chini ya majivu ya jiko. Kandida alipofungua pindo la kanga kutafuta senti, mwenzake alimshika mkono. "Acha. Mlevi wa namna hiyo hawezi kunitapikia mlangoni. Chukua bure, na ukiulizwa, hunijui."

Kutoka hapo Kandida hakurudi nyumbani. Alipinda njia ya mtoni mpaka kwa mzee Pantaleo, mchonga mitumbwi. Ilikuwa desturi bondeni: mtumbwi ukishachongwa porini, Pantaleo ndiye aliyeita watu na kuongoza wimbo wa kuuvuta hadi majini. Hakuna aliyelipwa. Mwenye mtumbwi alipika pombe, basi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Banda?"

Kandida aliuacha utani upite. "Baba, mtumbwi unatokaje porini ukafika mtoni?"

"Si unajua? Kwa watu."

"Na lori?"

Pantaleo akacheka, meno yake matatu yote yakaonekana. Kisha akaona kwamba Kandida hacheki. Kandida alimwambia yale yote ya dirishani, naye mzee alisikiliza huku akilisugua shoka lake kwa kidole gumba.

"Barua imekataza kuendesha," alisema mwishowe.

"Imekataza kuendesha."

"Kuvuta haikutaja."

"Karani hakutaja, baba."

"Uzito wake mitumbwi mingapi?"

"Baba Digna anasema mitano, pengine sita. Lakini lina magurudumu."

"Lina magurudumu," mzee alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeonjeshwa asali. Halafu uso ukamsawajika. "Ijumaa ni Kwaresima. Nani atavuta bila pombe?"

"Nitapika togwa, hailevi."

"Togwa!"

"Madebe manne, baba. Na viazi."

*

Kandida alitarajia watu kumi. Ijumaa kulipopambazuka alifungua mlango na debe la kwanza kichwani, akasimama hapohapo. Watu walikuwa wamejaa uani hadi njiani. Walikuwapo wavuvi na kamba zao za kuvutia mitumbwi, nene kama mkono wa mtoto. Walikuwapo wanawake wenzake wa kanisani, na Konsolata mwenyewe akiwa amefunga kiuno. Alikuwapo hata mmoja wa wale wawili waliocheka kwenye foleni ya leseni, anatazama chini. Digna aliwatoa kuku ndani ya lori mmoja mmoja, akiwaambia samahani.

Valeriani alipotoka na kuwaona, alirudi ndani. Kandida alimfuata. Alimkuta ameshika ukuta.

"Nitawalipa nini watu hawa?"

"Nenda ukashike usukani, baba Digna. Wanakungoja."

Kamba mbili zikafungwa mbele, watu wakajipanga pande zote mbili, wengine nyuma mabegani. Valeriani akaweka gia huru. Pantaleo akapiga fimbo chini mara tatu, akaanza kuimba kwa sauti ile nyembamba iliyojulikana bonde zima:

"Mti huu nani kaukata?"

"Hatumjui!"

"Una macho mawili mbele!"

"Twende nao!"

"Mto uko wapi?"

"Twende nao!"

Na lori likaenda. Kandida alikuwa amelizoea likiwa limesimama kama kichuguu, na sasa aliona gurudumu la mbele likijizungusha taratibu, likaacha alama ya kwanza mchangani. Lilitoka uani bila sauti, kubwa, zito, kama tembo anayepita shambani usiku asitake kumwamsha mtu. Watu wa nyumba za jirani walitoka na miswaki midomoni wakabaki hivyo hivyo. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba. Njiani sista wa misheni alishuka kwenye baiskeli yake, akaiegemeza mtini, akaja akaweka mkono mmoja nyuma ya lori. Alisukuma hatua mia moja hivi, akasema "Asanteni," kana kwamba ni yeye aliyesaidiwa, akarudi kwenye baiskeli yake.

Zilikuwa maili nne, barabara nyingine kavu na nyingine mchanga. Kila walipochoka, Kandida aligawa togwa kwa kata moja, na kila mmoja alikunywa akampa mwenzake bila kupangusa mdomo. Utani haukukosekana. "Togwa hii ina nguvu," mmoja alisema, "nimeanza kuona lori moja badala ya mawili."

Taabu ilikuwa bondeni, penye majaruba ya mpunga, ambapo mvua ya Jumatano ilikuwa imelainisha njia. Gurudumu la nyuma likazama. Walivuta, kamba zikalia, lori halikutikisika. Walivuta tena. Mvuvi mmoja alianguka akachubuka magoti yote mawili, akainuka, akashika kamba palepale. Jua lilikuwa limepanda. Saa nane haikuwa mbali tena.

Valeriani alitoa kichwa dirishani. Jasho lilimtiririka kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anavuta. "Baba Pantaleo, niruhusuni niwashe. Kidogo tu, litoke shimoni. Hakuna anayeona hapa."

Kandida alitamani mtu aseme ndiyo. Aliona mikono ya Konsolata imebabuka kwa kamba.

"Ukiwasha, tunaachia," Pantaleo alisema kwa upole. "Tangu alfajiri tumekwenda vizuri. Wakikukamata hapa, tumekuvuta mpaka jela. Kaa na usukani wako, mwanangu. Wewe Kelestini, na wewe, leteni magogo."

Wakaweka magogo chini ya gurudumu, kama wanavyowekea mtumbwi mlimani. Wakaimba upya, safari hii bila utani. Lori likapumua matope, likapanda gogo la kwanza, la pili, na likatoka. Hakuna aliyeshangilia, hawakuwa na pumzi. Walisimama wakilitazama, midomo wazi, kama watu waliofanya jambo lisilowezwa na wanadamu.

*

Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba mwenye homa. Alikaa kwenye kiti cha turubai juu ya mteremko wa pantoni, amejifunika koti na jua lote lile, na konstebo mmoja kando yake akiandika kwenye meza ya kukunja. Alipoliona lori linakuja bila mlio, na watu arobaini mbele na nyuma yake wakiimba kwa sauti zilizokauka, alisimama. Alivua kofia. Pengine lilikuwa joto la homa tu, lakini Kandida alimwona akiivua.

"Injini kufa," mkaguzi alisema. "Mimi hapana kagua maiti."

"Haijafa, Bwana," Valeriani alijibu. Akawasha.

Wengi wa wale waliovuta hawakuwa wamewahi kuisikia. Siku nzima walikuwa wamezungumza na lori kama mti, na sasa mti uliunguruma, ukatetemeka, ukatoa moshi wa buluu. Wakarudi nyuma wote kwa pamoja, halafu wakasogea tena, taratibu. Pantaleo aliweka kiganja juu ya boneti. "Kumbe lilikuwa limenyamaza tu," alisema.

Mkaguzi alitazama taa, akapiga honi, akasoma namba iliyochongwa kwenye chuma akilinganisha na karatasi. Kisha akanyoosha kidole kwenye mteremko ulioshuka moja kwa moja hadi majini. Pantoni ilikuwa ng'ambo. Chini hapakuwa na kitu ila mto Kilombero, mpana na wa rangi ya chai.

"Shuka. Mimi nasema simama, wewe simama."

Kandida aliijua ile breki. Mafuta yake aliyachanganya yeye mwenyewe, kwenye sufuria ya kupikia maharage, mafuta ya mbarika na chupa ya mjane. Lori lilianza kushuka. Likashika kasi. Alimwona mumewe kwa dirisha la nyuma, mabega yametulia kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliona jinsi alivyokuwa vitani. Maji yalikaribia. Mkaguzi hakusema neno. Mwanamke mmoja akamshika Kandida kiuno kwa nyuma, akambana.

"Simama!"

Likasimama. Magurudumu ya mbele yaligusa maji, mawimbi madogo yakaenda yakarudi. Lori halikusogea hata unyayo wa kuku.

Mkaguzi alishuka mwenyewe, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akakunja uso. "Hii mafuta gani?"

"Ya mbarika, Bwana," Kandida alisema kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Na nini ingine?"

Konsolata alikuwa anautazama mto kwa makini sana. Pombe ya moshi ilikuwa na kifungo, kwa aliyepika na kwa aliyebeba. Mkaguzi akampa konstebo kile kifuniko anuse. Konstebo alikuwa kijana mrefu, kibao cha meza kilisema anaitwa Fridolin. Alinusa. Machozi yakamlengalenga.

"Dawa, Bwana," alisema baada ya kukohoa. "Dawa ya kienyeji. Ya kifua."

Mkaguzi alimtazama konstebo, akatazama lori lililosimama mteremkoni, akatazama ule umati. "Lori nasimama vizuri," alisema, akarudi kwenye kiti chake akitetemeka. Kandida alikuwa amebakiza kata moja ya togwa. Aliipasha kwenye jiko la mwanamke muuza chakula pale kivukoni, akaitia tangawizi, akampelekea kwa mikono miwili. Mzungu akanywa yote. Kisha akatia sahihi.

Breki peke yake, watu walisema baadaye, ndiyo iliyokunywa Ijumaa ile ya Kwaresima.

*

Wakati Valeriani akichora namba yake kwa rangi nyeupe, ulimi nje kama mtoto wa shule, konstebo Fridolin alimwita Kandida pembeni. Alikuwa na ile barua ya karani.

"Mama, nani aliwaambia mvute?"

"Barua, mwanangu. Imekataza kuendesha."

Kijana akaigeuza. Nyuma palikuwa na mistari mitatu iliyopigwa chapa na muhuri. Akasita, akasema kwa sauti ya chini: "Hapa nyuma ni kibali. Kinasema siku ya ukaguzi, leo, mwenye lori anaruhusiwa kuliendesha mwenyewe mpaka hapa."

Kandida hakuwa msomi wa Kiingereza, lakini aliitazama ile mistari mitatu kwa muda mrefu. Halafu akatazama ukingoni, ambako watu walikuwa wamelala kwenye nyasi, wengine wakiosha mikono yao iliyochunika, wakicheka, wakioneshana mahali walipochubuka. Mvuvi wa magoti alikuwa akimsimulia mwenye pantoni habari ya shimo, na shimo lilikwisha kuwa refu kuliko mtu.

"Nani mwingine ameisoma?"

"Mimi tu. Bwana aliangalia upande wa mbele tu."

"Basi usiisome tena, mwanangu."

Konstebo akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye faili, chini kabisa. "Lori ni la mizigo," alitangaza sasa kwa sauti ya kazi, ili wote wasikie. "Abiria marufuku. Dereva, na mtu mmoja kando yake. Basi."

Manung'uniko yakazuka. Pantaleo akainuka kwa fimbo yake. "Konstebo, sikatai sheria. Lakini kwetu mtumbwi mpya haubebi mzigo kabla haujawabeba waliouvuta. Ukibeba mzigo kwanza, unazama. Tumevuta sote."

"Mtu mmoja, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mmoja."

"Mmoja." Fridolin alijikuna shingo, akatazama kule mkaguzi alikokuwa amesinzia. "Lakini haikuandikwa lazima awe yuleyule njia nzima."

*

Hivyo ndivyo lori lilivyorudi Ifakara. Lilikwenda mwendo wa miguu, na watu wote wakitembea kando yake, na kila hatua mia mbili lilisimama, mlango ukafunguliwa, mmoja akashuka na mwingine akapanda. Pantaleo alipanda wa kwanza. Alikaa wima, fimbo katikati ya magoti, akasalimia miti. Konsolata aliinama karibu na breki akauliza kama bado haijalewa. Mvuvi wa magoti alifumba macho mwanzo hadi mwisho, na alipoulizwa aliona nini alisema hakutaka kuona, alitaka kusikia tu. Yule aliyecheka dirishani alisimama nyuma ya wote, hata Valeriani akamwita mwenyewe kwa jina. Alipanda, na aliposhuka alifunga mlango kwa mikono miwili, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Digna alikaa mapajani mwa kila aliyemruhusu, maana konstebo hakusema lolote juu ya watoto.

Kandida alipanda wa mwisho, jua likiwa bado juu ya mikorosho. Hazikuwa zimebaki hata hatua mia mpaka kwao. Zilikuwa kama sitini. Kiti kilikuwa cha moto, kimelowa jasho la watu arobaini. Hakujua aweke wapi mikono yake. Mwaka wa kumi na mmoja wa ndoa, na walikuwa hawajawahi kuketi bega kwa bega mbele ya watu isipokuwa kanisani.

"Lile gari la mkonge," Valeriani alisema, macho mbele, "linapita kesho asubuhi."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nina kazi." Akabadilisha gia. Kisha akaongeza, "Unajua walivyokuwa wakiliita kule nyuma, nilipokuwa nachora namba? Sikusikia hata mmoja akisema Banda. Wanasema lori letu."

"Ni lao."

"Ni lao," akakubali, akajifanya anasikiliza injini.

Ua wao ukatokea, na mlango ambao Kandida aliuacha wazi tangu alfajiri. Alishika kitasa tayari kushuka. Lakini Valeriani hakukanyaga breki. Lori lilipita ua, likapita nyumba ya Konsolata, likapita msikiti na maduka, taratibu, watu wakitoka vibarazani kutazama lori na mwanamke aliyeketi mbele. Kandida alifungua mdomo kumwambia wamepita, akaufunga.

Nyuma yao wale waliochoka walisimama barabarani wakiwaangalia wanavyokwenda. Hakuna aliyewaita. Pantaleo aliweka fimbo chini, akaketi ukingoni mwa njia, na wengine wakaketi mmoja mmoja kando yake, kuwangoja warudi.